Uzamili na uzamivu wa Asia Mashariki: Beijing, Tokyo, Seoul, London au Marekani?

Mtu aliyemaliza shahada ya kwanza ya historia, fasihi au sanaa za maonyesho, kisha akapata hamu ya kuingia ndani zaidi ya China, Japani au Korea, huanza kwa kuuliza chuo kipi ni bora. Swali hilo ningelisogeza mwisho kabisa. Kwanza ajiulize ni lugha gani yuko tayari kuisoma kila siku kwa miaka mitano ijayo. Pili, vitu anavyotaka kuvichunguza, iwe barua, magazeti, riwaya au filamu, vimehifadhiwa wapi na nani anaruhusiwa kuviona. Tatu, nani atamlipia muda wa kujifunza hiyo lugha. Akishayajibu haya matatu, orodha ya vyuo hupungua yenyewe mpaka vikabaki viwili au vitatu. Ulinganisho huu nimeupanga kwa kufuata maswali hayo, na ninayemfikiria ni msomaji wa Afrika Mashariki ambaye hana wa kumlipia ada ya London.

Lugha, mahali wengi wanapokwama

Kikorea kinaanza kwa upole. Alfabeti yake, Hangul, iliyotangazwa mwaka 1446 zama za Mfalme Sejong, mtu mwenye bidii huweza kuisoma kwa sauti baada ya siku chache. Ugumu unakuja baadaye, kwenye sarufi na kwenye ngazi za heshima ambazo hubadilisha kitenzi kulingana na unayezungumza naye. Kichina kinakwenda kinyume: vitenzi havibadiliki umbo, sentensi fupi unaijenga mapema, lakini kuna toni nne na herufi elfu mbili hadi tatu za kukariri kabla gazeti halijaanza kukufungukia. Kijapani kinakupa mzigo wa pande zote mbili. Kina mifumo mitatu ya maandishi, orodha rasmi ya herufi 2,136 za matumizi ya kawaida, na ngazi za heshima juu yake.

Hayo ni ya lugha ya leo. Kwa anayetaka historia, hesabu inabadilika, na hapa ndipo naona watu wakichagua nchi kwa sababu isiyo sahihi. Anayeipenda Korea kwa wepesi wa Hangul, halafu akataka kuandika kuhusu karne ya 17, atajikuta kwenye darasa la Kichina cha kale, kwa kuwa nyaraka za serikali ya Joseon, ufalme uliotawala Korea wakati huo, ziliandikwa kwa lugha hiyo hadi mageuzi ya 1894. Anayetaka Japani ya kabla ya zama za Meiji, zilizoanza mwaka 1868, atahitaji Kijapani cha kale, na pia mazoezi ya kusoma mwandiko wa kuunganisha herufi ambao Wajapani wengi wa leo hawawezi kuusoma. Anayetaka China ya kabla ya katikati ya karne ya 20 ajue kwamba herufi zilizorahisishwa zilianza kutumika rasmi mwaka 1956, kwa hiyo magazeti na barua za miaka ya 1930 zimo katika herufi za zamani. Ajifunze zote mbili tangu mwanzo.

Kwa historia ya kale, basi, ningeanza na Kichina hata kama mapenzi yako yako Korea au Japani. Kichina cha kale kilikuwa lugha ya maandishi ya wasomi wa China, Korea, Japani na Vietnam, na aliyekishika anaingia kote. Kwa riwaya za karne ya 20 na 21, chagua lugha ya mwandishi unayempenda na usitafute njia ya mkato, kwa sababu mtu wa fasihi anachambua namna jambo lilivyosemwa, na tafsiri ya Kiingereza haitakubaliwa kama msingi wa tasnifu.

Unaweza kujipima bila kulipa chochote. Tovuti ya Chinese Text Project ina maandiko ya kale ya Kichina yenye kamusi ndani yake. Kumbukumbu rasmi za wafalme wa Joseon ziko mtandaoni, matini ya asili pamoja na tafsiri ya Kikorea cha leo. Kituo cha JACAR cha Japani, kilichofunguliwa mwaka 2001, kimeweka wazi picha za nyaraka za wizara ya mambo ya nje, jeshi la nchi kavu na jeshi la majini. Keti nazo miezi miwili. Ukiona unazirudia bila kusukumwa na mtu, umeshapata nusu ya jibu.

Nani analipia mwaka wa lugha

Serikali za China, Japani na Korea zote hulipia wanafunzi wa kigeni, ila kwa mipangilio inayotofautiana sana.

Ufadhili wa Serikali ya China hufuta ada, hutoa malazi na bima, na posho ya yuan 3,000 kwa mwezi kwa uzamili au 3,500 kwa uzamivu. Umri usizidi miaka 35 kwa uzamili na 40 kwa uzamivu. Anayekwenda kusoma kwa Kichina bila kukijua hupewa mwaka mmoja wa lugha kwanza. Unaweza kuomba kupitia ubalozi au kupitia chuo chenyewe, na suala la nauli hutegemea njia uliyopitia, kwa hiyo lisome tangazo lote. Faida kubwa ya China kwetu ni kwamba safari inaweza kuanzia nyumbani: Taasisi ya Confucius, inayofundisha Kichina, ya Chuo Kikuu cha Nairobi ilianza mwaka 2005, ya kwanza Afrika, na ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2013. Ukifika na cheti cha HSK, mtihani rasmi wa Kichina, mkononi, ule mwaka wa lugha unautumia kukuza kiwango badala ya kuanza na salamu. Wanaotaka masomo ya China kwa Kiingereza wana Yenching Academy ya Chuo Kikuu cha Peking, ingawa ushindani wake ni mkali mno.

Japani ina ufadhili wa MEXT, yaani wizara ya elimu ya nchi hiyo, unaotolewa tangu 1954. Hufuta ada, hulipa nauli ya ndege na posho ya takribani yeni 144,000 kwa mwezi. Mwombaji awe chini ya miaka 35. Kuna jambo moja ambalo waombaji wengi hawalielewi mpaka wamefika. Mara nyingi unaingia kama mwanafunzi-mtafiti, na uzamili wenyewe unaanza baada ya kufaulu mtihani wa kuingia wa idara. Katika idara za historia na fasihi mtihani huo kwa kawaida ni wa Kijapani. Ile miezi sita ya lugha wanayokupa haitoshi kwa mtu anayeanzia sifuri. Kwa hiyo Japani naipendekeza kwa mwenye msingi wa Kijapani, au kwa anayeomba programu ya Kiingereza kama zile za vyuo vikuu vya Waseda na Nagoya. Uzuri wake, na ni uzuri mkubwa, ni ule uhusiano na msimamizi: mnakutana kwenye semina yake kila wiki, wanafunzi wakubwa wanawasaidia wadogo, na unasomeshwa nyaraka mstari kwa mstari.

Korea, kupitia GKS, ufadhili wa serikali yake, ndiyo yenye njia iliyonyooka kuliko zote kwa anayeanza bila lugha. Mwaka mmoja wa Kikorea, kisha miaka miwili ya uzamili au mitatu ya uzamivu, nauli ikiwemo. Sharti ni kufikia ngazi ya 3 ya mtihani wa Kikorea wa TOPIK kabla ya kuanza masomo. Niseme wazi kwamba ngazi ya 3 haitoshi kusoma riwaya nzima, na muhula wa kwanza utakuwa mzito. Wanaopenda historia na fasihi wasiishie kwenye vyuo maarufu vya Seoul. Academy of Korean Studies, iliyoanzishwa mwaka 1978 huko Seongnam, nje kidogo ya Seoul, ni shule ya wanafunzi wa uzamili na uzamivu peke yake, na ndiyo inayotunza Jangseogak, maktaba ya kifalme ya Joseon. Kwa mtu wa nyaraka za kale hakuna mahali bora Korea.

London au Marekani

SOAS, chuo cha London cha masomo ya Asia na Afrika, iliasisiwa mwaka 1916, na ni miongoni mwa sehemu chache duniani ambapo chini ya paa moja utakuta mkusanyo wa vitabu vya China, Japani na Korea pamoja na miswada ya Kiswahili. Uzamili wa Uingereza kwa kawaida ni mwaka mmoja. Hilo ndilo la kuzingatia hapa, zuri na baya. Zuri, kwa sababu unamaliza haraka na unatoka na nadharia nzuri na andiko moja la maana. Baya, kwa sababu miezi 12 haimfikishi mtu kwenye lugha. Zipo shahada za miaka miwili zenye lugha ndani yake, lakini Chevening, ufadhili wa serikali ya Uingereza ambao wengi wetu huutegemea, hulipia mwaka mmoja tu, tena hutaka uwe na uzoefu wa kazi wa angalau miaka miwili na urudi nyumbani ukimaliza. Ufadhili wa Jumuiya ya Madola nao huelekezwa kwenye masuala ya maendeleo, kwa hiyo kuuombea utafiti wa sinema ya Kijapani ni kazi ngumu. London nampendekezea mtu ambaye lugha anayo tayari, labda ameshaishi Beijing au Osaka, na anachokosa ni mbinu za utafiti.

Marekani usiiwazie kwa uzamili, isipokuwa umepata ufadhili kamili kama Fulbright. Ada ya uzamili wa sanaa huko ni mzigo ambao mshahara wa mhadhiri wa kwetu hautaulipa. Uzamivu ni habari nyingine. Idara kubwa kama zile za Harvard, Columbia, Chicago, Yale na Berkeley hupokea watu hata wasio na uzamili, huwasamehe ada na kuwapa posho, nao wanafundisha kama wasaidizi. Muda ni miaka mitano hadi saba. Mara nyingi hudai uweze kusoma lugha ya pili ya Asia Mashariki juu ya ile ya kwanza, na wanakupa nafasi ya kuisoma. Maktaba ya Harvard-Yenching, iliyoanza mwaka 1928, ndiyo kubwa kuliko maktaba zote za vyuo vya Magharibi katika fani hii. Kwa anayetaka kuwa mwalimu wa chuo kikuu maisha yake yote, hii bado ni njia yenye nguvu.

Bado, lakini imekuwa nyembamba. Idara kadhaa za sanaa zimepunguza udahili wa uzamivu au kuusimamisha kwa muda, na masharti ya viza yamekuwa yakibadilika. Kabla ya kulipa ada ya maombi, iandikie idara uulize kama inapokea wanafunzi mwaka huo. Fahamu pia kwamba ufadhili wa lugha wa FLAS, unaotajwa kwenye tovuti za idara nyingi, ni wa raia na wakaazi wa kudumu wa Marekani. Usiuweke kwenye bajeti yako.

Sinema, kwa wale ambao moyo wao uko huko

Wanafunzi wa sinema ndio wepesi kuamini kwamba lugha si lazima, kwa kuwa filamu ina tafsiri ya Kiingereza chini ya picha. Utaitazama, ni kweli. Lakini tasnifu inataka majarida ya sinema ya wakati ule, majalada ya wakaguzi wa serikali waliokata vipande, matangazo ya kumbi, mikataba ya waigizaji. Hayo hayakutafsiriwa. Na kwa miaka ya mwanzo, karatasi ndizo zilizobaki kuliko filamu zenyewe. Filamu bubu nyingi za Japani zimepotea, nyingine katika tetemeko la Kanto la 1923, nyingine kwa mabomu ya vita. Korea ya kabla ya 1945 imebakiwa na chache mno. Baadhi zilipatikana miaka ya 2000 katika hifadhi ya filamu ya China, zikarudishwa kwa nakala Seoul. Anayetaka kuichunguza Korea ya 1910 hadi 1945 atahitaji Kijapani pia, kwa sababu ndiyo lugha ya wakaguzi wa utawala wa kikoloni wa Japani.

Sehemu zenyewe zinatofautiana kwa tabia. Tokyo ina hifadhi ya taifa ya filamu pale Kyobashi, iliyopewa hadhi ya taasisi kamili mwaka 2018, na jumba la makumbusho ya tamthilia la Waseda la tangu 1928. Seoul ina Korean Film Archive, ya mwaka 1974, ambayo kwa ukarimu wake nawasifu: imeweka filamu nyingi za zamani YouTube bila malipo, zenye tafsiri ya Kiingereza. Chuo cha Filamu cha Beijing, cha mwaka 1950, kilichowatoa Zhang Yimou na Chen Kaige mwaka 1982, kinamfaa zaidi anayetaka kutengeneza filamu kuliko anayetaka kuandika historia yake. Na kwa waliolelewa na kung fu za Hong Kong, jibu ni Hong Kong yenyewe. Hifadhi yake ya filamu ilifunguliwa mwaka 2001, vyuo vyake hupokea tasnifu za Kiingereza, na mpango wake wa ufadhili wa uzamivu ulioanza mwaka 2009 haubagui uraia. Kikantoni utakihitaji.

Kuna swali moja ambalo ningependa sana kuona Mwafrika Mashariki analibeba hadi kwenye tasnifu. Zama za filamu bubu, Japani ilikuwa na benshi: msimulizi aliyesimama kando ya skrini akieleza kisa, akibadili sauti kwa kila mhusika, akitia maneno yake mwenyewe. Watu walichagua ukumbi kwa kufuata jina lake. Korea nayo ilikuwa na byeonsa. Filamu zilipoanza kusema zenyewe katika miaka ya 1930, kazi hiyo ikafifia. Sasa mweke kando yake Lufufu wa Tanzania, ambaye sauti yake ilijaza vibanda umiza, yaani vibanda vya kuoneshea video, ikisimulia filamu za Kichina na za Kimarekani kwa Kiswahili, na DJ Afro wa Kenya, ambaye kuna filamu watu wanazijua kwa maneno yake kuliko ya waigizaji. Kwa nini msimulizi alivuma Japani tangu mwanzo wa sinema yenyewe, na kwetu akavuma na kanda za video? Mamlaka juu ya kisa anayo nani, aliyepiga picha au anayeisimulia? Mwanafunzi wa Ulaya atalisoma jambo hili vitabuni. Wewe umelisikia kwa masikio yako. Waseda ndiko kwenye vielelezo vya benshi. Columbia ina mkusanyo wa Makino wa karatasi za historia ya sinema ya Asia Mashariki, na Yale ina uzamivu unaounganisha filamu na masomo ya Asia Mashariki, mahali panapomlea mtu wa kulinganisha.

Usisukumwe kwenye mada isiyo yako

Mwanafunzi kutoka kwetu huelekezwa upesi kwenye "uhusiano wa China na Afrika", hata kama alikuja kwa ajili ya mashairi ya China ya enzi ya Tang. Nina msimamo mkali hapa. Kama ulichokipenda ni fasihi ya mabibi wa kasri la Heian katika Japani ya kale, kitetee. Elimu hiyo ni yako kama ilivyo ya Mjerumani au Mmarekani anayeisomea bila kuulizwa kwa nini.

Lakini kama mahusiano ndiyo yanayokuvuta kweli, pima vyanzo kabla hujachagua nchi. Twiga aliyetoka Malindi kwenda kwa Mfalme Yongle wa China mwaka 1415, na sahani za Kichina zilizopachikwa kwenye makaburi ya Kunduchi au zilizofukuliwa Gedi, ni mada za Kichina cha kale na akiolojia, na hapo Beijing inafaa. TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, ni kisa kingine. Nyaraka za wizara ya mambo ya nje ya China zilifunguliwa mwaka 2004, kisha kuanzia 2012 na 2013 nyingi zikafungwa tena. Mtafiti wa reli hiyo anaweza kupata zaidi kwa kukaa na wazee walioijenga, kuanzia Dar es Salaam hadi Mbeya, kuliko kusubiri kibali Beijing. Biashara ya Japani ya nguo na pwani yetu katika miaka ya 1930, ilipokuwa na ubalozi mdogo Mombasa, na kanga zilizochapishwa Japani kwa soko letu baadaye, hizo ni za Tokyo, Osaka na JACAR. Hii ya mwisho naiona tajiri, tena unaweza kuianza ukiwa Likoni na simu yako.

Ningechagua hivi

Huna lugha, una miaka 24, unapenda riwaya au filamu za leo: Korea kwanza, China ya pili. Umeshasoma Kichina Nairobi au Dar mpaka HSK ya 4 au zaidi: China, tena kwa programu ya Kichina, usiogope. Una Kijapani cha wastani na unapenda nyaraka: Japani, bila kusita. Una lugha na kazi, unataka mwaka mmoja wa kujinoa: London kwa Chevening. Unataka uprofesa: fanya uzamili Asia kwanza, kisha uombe uzamivu Marekani au Hong Kong ukiwa tayari unasoma lugha vizuri, kwa sababu kamati za udahili huliangalia hilo mapema. Idara kamili za Asia Mashariki ni nadra katika vyuo vyetu, kwa hiyo hakikisha shahada yako inasomeka pia kama ya historia, fasihi au filamu, upate pa kufundisha.

Tarehe hubadilika kidogo kila mwaka, lakini mzunguko ni huu: maombi ya Marekani na Hong Kong huishia karibu na Desemba, China kati ya Desemba na Machi, Korea Februari na Machi, MEXT ya ubalozini hutangazwa Aprili au Mei, na Chevening hufunguliwa Agosti. Barua kwa msimamizi itangulie kwa miezi mitatu. Iwe fupi: swali lako moja, chanzo kimoja ulichokwisha kukisoma kwa lugha yake ya asili hata kama ni kurasa tano, na ngazi yako ya lugha ilivyo leo. Ambatisha kurasa kumi za andiko lako bora, na uliza kama anapokea wanafunzi wapya mwaka ujao.